Nilimwambia Mama Akatae Oksijeni

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo ameambiwa na ndugu yake, jirani yake au simu yake kwamba akifika hospitali asikubali kuwekewa oksijeni, kwa sababu wanaowekewa hawatoki. Mimi nilikuwa ndugu wa namna hiyo. Niliyemwambia ni mama yangu mzazi. Nilikuwa na shahada ya takwimu, na nilikuwa nimehesabu.

Kabla sijaugua kweli, niliwahi kuugua kwa kuigiza. Wakati huo ugonjwa ulikuwa bado habari ya redioni. Hospitali moja kubwa hapa Arusha, ambako madaktari wanafunzi hujifunzia kazi, ilitafuta vijana wa kujifanya wagonjwa ili wahudumu wake wafanye mazoezi. Ofisi ya watalii niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa imeshafunga milango. Sikuwa na la kufanya, nikaenda. Nilipewa kadi iliyoandikwa: dereva wa lori, homa siku tano, anapumua kwa shida. Nikakaa chini ya hema nikikohoa kila nilipoonyeshwa kidole.

Wanafunzi walivaa mavazi ya kujikinga huku mwenzao akiwasomea kwenye karatasi. "Osha mikono. Glavu ya kwanza. Funga kamba za nyuma." Aliyekosea alirudishwa mwanzo. Watu wazima, kama watoto wa chekechea wanaofundishwa kufunga viatu. Kisha tulitembezwa kwenye ukumbi wa mihadhara. Viti vilikuwa vimeng'olewa, mabomba ya oksijeni yamepitishwa ukutani, vitanda vimetandikwa, na mgonjwa hakuna hata mmoja.

"Mna uhakika gani kwamba haya yote yatatumika?" nilimuuliza mama mfupi wa makamo aliyekuwa anatuongoza.

"Hatuna," akasema. "Tunaomba yasitumike."

Nilirudi nyumbani kwangu Kimandolu na soda niliyopewa, nikawasimulia wenzangu, tukacheka sana.

Nilianza kuumwa mwishoni mwa masika yaliyofuata. Homa kwanza, kisha chai ikakosa ladha, kisha ngazi tatu za mlangoni kwangu zikawa mlima. Mama alishuka kutoka kijijini, kule juu ya Tengeru kwenye migomba yetu na kahawa ya baba, akiwa na mtori kwenye chupa ya chai na fungu la majani ya mkaratusi. Akayachemsha. Akanishikia blanketi nijifukize.

"Ushahidi uko wapi kwamba inasaidia?" nikamuuliza.

"Ushahidi wa nini? Wewe si unakohoa?"

"Mama, kukohoa siyo ushahidi."

"Haya, msomi. Ingia kwenye blanketi kwanza, ushahidi tutautafuta ukitoka."

Sikuingia. Alilala na mimi kitanda kimoja siku nne, akinifuta jasho kwa kanga yake, bila barakoa. Niliuliza maswali kuhusu majani, kuhusu mvuke, kuhusu maombi ambayo baba aliyafanya kwenye simu. Hilo la mama kulala uso kwa uso na mimi sikuliuliza.

Siku ya tano nilikuwa chini ya lile hema tena. Nesi alinibana kidoleni kifaa kidogo cha kupima oksijeni ya damu, akakitazama, akakifuta kwenye aproni, akakihamishia kidole kingine, akakitazama tena. Alimwita mtu wa kiti cha magurudumu. Mama alitufuata mpaka kwenye mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, akazuiwa.

"Ndugu mwisho hapa, mama."

"Mimi siyo ndugu, mimi ni mama yake."

"Shikamoo mama. Hata mama mwisho ni hapa."

Akasimama vidole vya miguu vikiwa juu ya mstari. Nilimwona hivyo mpaka milango ilipojifunga.

Ukumbi wa mihadhara sasa ulikuwa umejaa wanawake. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanaume. Kwenye ubao mweupe, mahali pa somo, paliandikwa namba za vitanda na lita. Humo ndani siku zilihesabiwa kwa lita za oksijeni: siku zangu za lita kumi, siku zangu za lita sita. Asubuhi sindano ya tumboni, mchana kulala kifudifudi saa mbili, jioni kulala kifudifudi tena mpaka mbavu zinauma. Nilivaa nepi. Nina miaka ishirini na saba na nilivaa nepi, na mtu aliyenibadilisha alikuwa amejifunika mwili mzima isipokuwa macho, na jina lake ameliandika kifuani kwa kalamu nene: SISTA REHEMA. Wote waliandika majina vifuani. Pembeni ya jina, kijana mmoja daktari aliyekuwa mafunzoni alichora uso unaocheka. Yeye alikuwa DK. JOSHUA.

Mwalimu wao alikuwa yule mama mfupi wa siku ya maigizo. Walimwita Profesa. Alipozunguka wodi hakuingia na kundi la wanafunzi kama zamani. Yeye alibaki nje ya dirisha na simu sikioni, ndani akaingia mwanafunzi mmoja tu na simu yenye spika, akitembea kitanda hadi kitanda. Kwa hiyo wagonjwa wote tulisikia somo.

"Joshua, kwa nini umemlaza kifudifudi?"

"Kwa sababu ulisema, Profesa."

"Na mimi ningesema umlaze juu ya kabati?"

Kwenye kitanda cha kulia kwangu alikuwa Mama Zulfa, muuza vitenge wa Levolosi, mtu wa mizaha hata pumzi ilipomwishia katikati ya sentensi. Alicheka, akakohoa, akaniambia kwa kukatakata, "Hapa... tunalipa ada... na sisi."

Nilichoka, lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi, nacho hakijawahi kujua kukaa bure. Nikaanza kuangalia. Wengi tulikuwa na mirija miwili midogo ya puani. Wengine waliwekewa barakoa kubwa ya plastiki yenye mfuko unaojaa hewa chini ya kidevu. Wa kwanza niliyemwona akiwekewa ile ya mfuko alitolewa kesho yake kwa mlango wa nyuma, amefunikwa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikaa siku mbili. Wa nne alikuwa binti wa rika langu, aliyekuwa ananionyesha dole gumba kila asubuhi. Nilikuwa naandika kwenye simu: kitanda, mirija au mfuko, ametoka vipi. Mlangoni wafagizi wawili walikuwa wananong'ona jambo lile lile ambalo mtaani watu wote walikuwa wanalisema, kwamba anayewekewa oksijeni hatoki. Mimi nikaona tofauti yangu na wao ni kwamba mimi nina jedwali.

Mama Zulfa alipowekewa mfuko, niliandika namba ya kitanda chake, nikaacha nafasi ya kujaza baadaye. Kisha nikampigia mama. Alikuwa amesharudi kijijini.

"Mama, sikiliza. Ukiumwa, wakikuletea ile barakoa yenye mfuko, kataa. Nimehesabu mwenyewe. Hakuna aliyepona."

"Umehesabu?"

"Kwa macho yangu. Siyo maneno ya mtaani."

"Basi nimekusikia, Anande," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Siku nne baadaye Mama Zulfa alivuliwa mfuko, akarudishiwa mirija. Siku ya sita aliketi kitandani akidai uji wenye pilipili manga. Nilimweleza, kwa aibu kidogo, kwamba nilikuwa nimeshamwandika.

"Umeniandika wapi?"

"Na wale wengine."

"Mtoto mbaya wewe. Umenizika na bado nina mzigo stoo?" Kisha akageuka ukutani. Mzaha ulikuwa umemwisha.

Nilipaswa kupiga simu saa ile ile. Mfano mmoja unaopinga ulikuwa umekaa mbele yangu unakunywa uji. Nikajiambia huyo ni mmoja tu, ngoja nione wengine. Nikajiambia mama haumwi, kwa nini nimchanganye. Sikupiga.

Baba alimleta wiki ile ile, kwa gari la kukodi, kahawa ikianza kuwa nyekundu. Nilikuwa nimefika lita mbili, naweza kwenda chooni nikishika ukuta. Sista Rehema alikuja kuniuliza jina la ukoo wetu, akaenda, akarudi akisukuma kitanda mwenyewe. Hakupaswa kutuweka pamoja. Alituweka pamoja. Mama alikuwa amekuwa mdogo, midomo yake ya rangi ya majivu, kilemba bado kimefungwa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, kisha akapumzika kwanza. "Umekonda."

Walimwekea mirija. Haikutosha. Dk. Joshua akaja na barakoa yenye mfuko, na mama akaweka kiganja mbele ya uso wake, taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Mama, hii itakusaidia."

"Hapana, baba. Nashukuru."

"Kwa nini, mama?"

Akanyoosha kidole kwangu.

Dk. Joshua aligeuka. Kwa kuwa nilikuwa naona macho tu, sikujua amekasirika au la. Nikamweleza. Nikamwonyesha na simu. Aliisoma ile orodha yote, mstari kwa mstari, na glavu zake zikaacha unyevu kwenye kioo.

"Dada Anande," akasema, "sisi mfuko tunamwekea nani?"

"Aliyezidiwa."

"Na mchungaji huitwa kwa nani?"

Nikaichukua simu yangu, nikaifuta kwa shuka.

"Kwa hesabu hii, hata mchungaji anaua. Kila anayeitiwa sala ya mwisho, wiki haiishi. Mzuie na yeye asiingie."

Mama Zulfa akadakia kutoka kwenye mirija yake, "Na mimi je? Mimi ni mzuka?"

Nimesoma kosa hilo darasani. Lina jina, na nililifanyia mtihani nikapata alama nzuri. Unawatazama waliozidiwa, unaona wanakufa zaidi, unailaumu dawa waliyopewa kwa sababu wamezidiwa. Wale wafagizi hawakuwahi kufundishwa; mimi nilifundishwa, na ndiyo maana mama aliniamini mimi badala ya wao.

Nilianza kumbembeleza saa hiyo hiyo. Nilimwambia nilikosea. Nilimweleza kosa lilivyo. Alisikiliza kwa adabu.

"Kwenye simu ulisema umehesabu."

"Nilihesabu vibaya."

"Sasa nikusikilize ya kwenye simu au ya leo? Zote... ni zako."

Siku hiyo ikapita. Profesa aliongea naye kwa spika, kwa heshima kabisa, wakaamkiana, akakataa. Sista Rehema alijaribu. Baba alipigiwa simu, akasali, akamwomba akubali. Mama akaitikia amina, akakataa. Hakuna aliyemshika kwa nguvu. Namba za kifaa cha kidole zilikuwa zinashuka, na kila ziliposhuka nilijua ni mimi ninayezishusha. Nilijaribu kumtisha. Nilijaribu kulia. Mpaka kesho yake mchana nilikuwa sina hoja nyingine. Nikauburuta mtungi wangu mdogo wa oksijeni, nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Niambie kitu kimoja," mama akasema. Kila neno alilivuta kama ndoo kisimani. "Unajua... kwamba itanisaidia? Au unakisia?"

Nikafungua mdomo kusema najua.

"Nakisia, mama," nikasema. "Inaweza ikashindwa. Kwenye simu pia nilikuwa nakisia, ila nilikuambia najua."

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Hiyo sasa naweza kuiamini," akasema. "Mwite kijana."

Dk. Joshua alimvalisha. Mama aliishika barakoa kwa mikono miwili mpaka mpira ulipokaa nyuma ya kilemba. Mfuko ukajaa, ukanywea, ukajaa.

Tulipata siku sita. Sitazifanya kuwa mbaya kuliko zilivyokuwa. Siku ya pili rangi ya midomo ilirudi. Siku ya tatu aliivua kidogo ale mtori ambao baba aliuacha getini, chupa imeandikwa jina lake kwa plasta, akasema hauna chumvi, na hiyo ilikuwa sauti yake kabisa. Nilimsuka nywele akiwa amelala kifudifudi. Alinifundisha mambo ya shamba ambayo hakuwahi kunifundisha, mti upi wa kahawa ukatwe, upi uachwe, na mara mbili aliniuliza kama nimeolewa huko Kimandolu bila kuwaambia. Siku ya tano alianza kuchoka. Siku ya sita, wakati chai ya asubuhi inagawiwa, mfuko ulikaa umejaa, haukunywea tena.

Sista Rehema alisimama na sisi na mavazi yake yote yale. Kisha akaenda mlangoni, akavua, mwenzake akimsomea karatasi: glavu ya nje, geuza ndani, osha mikono. Alikuwa analia na anafuata hatua. Nilielewa kwa nini walifanya mazoezi yale mpaka ikawa kama wimbo. Siku kama ile kichwa hakiwezi kukumbuka chenyewe.

Nilikuwa nimekaa siku tatu bila oksijeni, wakaniruhusu niende kuzika. Kabla sijatoka niliomba ile simu. Profesa alikuwa dirishani.

"Ile siku moja na nusu aliyokataa," nikasema. "Ingebadilisha?"

Aliniangalia kupitia kioo, na nikaona amezeeka tangu siku ya hema.

"Sijui," akasema. "Wapo waliovaa saa ya kwanza tukawapoteza. Wapo waliochelewa wakapona. Ningekuwa najua ningekuambia hata kama inauma."

Alibaki na simu sikioni mpaka mimi nilipoishusha yangu.

Kwa wewe unayepitia haya, mwili unaotoka nao utakushangaza. Mapaja yangu yalikuwa ya mtoto. Nilipumzika mara nne kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu, mwendo ambao nilizoea kuukimbia. Baadaye, kahawa ikiwa inaanikwa, nywele zilitoka kwa mafungu, na nilikuwa nasahau majina ya vitu vilivyo mkononi. Vingi vimerudi. Usiogope, na usijilinganishe na wengine.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache, viti vimetengana, jeneza halikufunguliwa. Baba mdogo alikuwa ameandika wasifu wa marehemu, na kama ilivyo kwetu mtoto aliyesoma ndiye husoma. Nilisoma alipozaliwa, alipobatizwa, ndoa, watoto, kwaya ya akina mama. Nikafika kwenye kuugua. Paliandikwa: "Alipata changamoto ya upumuaji, akakimbizwa hospitali, akawekewa mashine ya oksijeni, na hapo ndipo hali yake ilipobadilika."

Kila neno lilikuwa kweli. Na nilijua litakavyosikika, na litakavyopanda mlima jioni ile, nyumba hadi nyumba. Nilijua pia kwamba nikilisoma kama lilivyo, hakuna mtu ambaye angeniuliza chochote, maisha yangu yote.

Nikashusha karatasi.

"Mama aliikataa oksijeni siku moja na nusu," nikasema. "Aliikataa kwa sababu mimi nilimpigia simu nikamwambia inaua. Nilikuwa nimekosea. Alipoikubali alipata siku za kula na kuongea. Sijui kama angepona. Mashine haikumuua mama."

Shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Huyu anasema nini mbele ya jeneza?" Wengine wakaanza kunong'ona. Baba mdogo alinyoosha mkono achukue karatasi.

"Mwacheni amalize," baba akasema. Hakunitazama. Hakuniongelesha kwa wiki mbili baada ya hapo, na sikumlaumu. Lakini alisema mwacheni amalize, nikamaliza.

Baada ya kuzika nilikwenda nyuma ya jiko kupumzika. Yule shangazi aliyepaza sauti, anaitwa Ndeshi, alinifuata. Nilijiandaa kutukanwa. Alisimama mbali kidogo, kanga imefunika mdomo, mabega yanapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kubeba majani ya ng'ombe. Lakini alikuwa hajabeba kitu. Nilisikia kikohozi alichokuwa anakimeza tangu kanisani.

"Tangu lini, shangazi?"

"Jumapili." Akatazama kule ambako watu walikuwa wananawa mikono. "Hiyo yenye mfuko... inabana?"

"Inabana," nikasema. "Inakausha mdomo, na utatamani kuivua."

"Lakini niivae."

"Uivae. Siahidi kitu. Uivae."

Alikaa akifikiri, au akitafuta pumzi. Kisha akaniambia nikamwambie baba asiliachie lile gari la kukodi liondoke, akaingia ndani kuchukua sweta yake.